Achari, Magodoro na Sauti ya Mama

Msimu wa embe ukiingia, nyumba yetu ya Ngamiani, Tanga, haina tena sebule wala uani. Kote ni embe. Magunia ya embe changa huteremshwa kutoka Muheza, zikaoshwa, zikafutwa maji, kisha Mama mkwe wangu, ambaye tangu niolewe namwita Mama tu, hukaa kwenye kigoda chake na kisu akazikata vipande vya unene mmoja. Vipande hukorogwa na chumvi na manjano, vikaanikwa juani kwenye majamvi mpaka vinywee. Hapo ndipo vinapokutana na uwatu, haradali, kitunguu saumu, pilipili na mafuta. Baada ya hapo ni kungoja. Mama haruhusu chupa ifunguliwe kabla ya wakati wake, hata aje mgeni wa heshima namna gani.

Kwa miaka mingi biashara hiyo ilitembea kwa mdomo. Jirani alimwambia jirani, mtu wa Makorora akamtuma mtoto, mwenye safari ya Dar es Salaam akabeba chupa mbili za kuwapelekea nduguze. Ninaitaja kwa heshima, maana ada za shule za nyumba hii zimelipwa na achari kuliko zilivyolipwa na mshahara wa mtu yeyote.

Aliyeanzisha mambo ya kurekodi ni wifi yangu anayeishi Dar. Alikuja kula Idi, akala na kushiba, kisha akatangaza mbele ya wote, "Mama, siku hizi watu wananunua kwa macho na masikio. Mtu haijui njia ya Ngamiani, lakini simu anayo mkononi. Tukurekodi."

"Mnirekodi, kwani nimekosa nini?" Mama akauliza.

Alipokwisha kueleweshwa kwamba si ushahidi wa polisi bali ni biashara, aliridhia kwa sharti moja: kazi isisimame. Wifi aliporudi Dar akaingia Kariakoo, akatutumia kwa basi taa ya duara, stendi ya simu ya miguu mitatu na maiki ndogo ya kubana nguoni. Shemeji yangu, kitinda mimba wa nyumba, alikuwa amemaliza kidato cha sita na yuko nyumbani akisubiri chuo. Yeye ndiye aliyelipokea boksi stendi ya Kange, na tangu siku hiyo akawa mwelekezi, mpiga picha na fundi sauti kwa pamoja.

Bibi, mama yake Mama, hakuelewa kwa nini achari inahitaji taa. Shemeji akamtuliza kwa historia. Akamweleza kwamba video ya kwanza kabisa kuwekwa YouTube ilipandishwa tarehe 23 Aprili 2005, na ilikuwa ya sekunde 19 tu. Mmoja wa waanzilishi wa mtandao huo, Jawed Karim, kasimama mbele ya tembo katika bustani ya wanyama ya San Diego, Marekani, akasema tembo wana mikonga mirefu sana. Basi, imekwisha.

"Na alikuwa anauza nini?" Bibi akauliza.

"Hakuwa anauza kitu, Bibi."

"Sisi tunauza," alisema Bibi, na hilo likabaki kuwa neno lenye akili kuliko yote yaliyosemwa juma lile.

Shemeji alitaka kipindi. Alifagia sebule, akapanga maua ya plastiki, akatundika pazia la sikukuu nyuma ya kochi. Mama akavaa dera jipya na dhahabu zake, akakalishwa katikati na karatasi mkononi. Ilikuwa imeandikwa kwa lugha ya watangazaji: "Habari zenu watazamaji popote pale mlipo, karibuni katika ulimwengu wa viungo na ladha." Mama, anayeweza kumsimamisha mteja mlangoni kwa soga mpaka chai ikapoa, alikakamaa. Maneno yakatoka moja moja. Tulipoitazama ile video jioni, sura ilikuwa safi kabisa, ila sauti ilitoka kama ya mtu aliyefunikwa na pipa, na juu yake kuna feni, bodaboda na jogoo wa jirani.

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu ndipo fedha za wafanyabiashara wengi wadogo zinapopotelea. Mtu hununua simu ya bei mbaya kwa ajili ya picha, akasahau sikio. Mtazamaji huvumilia picha yenye giza kidogo, lakini asiposikia anachoambiwa, kidole kimeshapita. Sauti nayo hufifia upesi kwa umbali: ukisogeza maiki mbali mara mbili ya ilivyokuwa, nguvu ya sauti inayoifikia hubaki robo, huku kelele za feni na barabara zikibaki vilevile. Ndiyo maana maiki ya kubana, iliyokaa shubiri moja chini ya kidevu, hufanya kazi ambayo simu iliyosimama ukutani haiwezi hata ikiwa ya thamani gani. Na chumba chenyewe kina lake. Ukuta mtupu, sakafu ya vigae na kioo cha dirisha huirudisha sauti. Nguo, mazulia na magodoro huimeza.

Shemeji aliyasoma haya yote na aliyasoma vizuri. Tatizo ni kwamba aliyachukua akayafikisha mwisho wake. Asubuhi moja tuliamka tukakuta anayakusanya magodoro ya nyumba nzima. La kwangu na mume wangu likaegeshwa mlangoni. La watoto likaziba dirisha la barabarani. Dirisha la uani lilikuwa pana, na godoro lililotosha lilikuwa moja tu, la Bibi, la futi tano kwa sita.

"Mwanangu, mimi nitalala wapi adhuhuri?"

"Saa moja tu, Bibi."

Bibi hakubishana. Akachukua mkeka wake na fimbo yake, akaenda kujinyoosha barazani kwa jirani. Fimbo ile ndiyo iliyokuwa na maana. Kila msimu wa kuanika, Bibi hulala karibu na dirisha la uani, jicho moja wazi, na kazi yake ni kufukuza kila chenye mdomo.

Ndani mlikuwa na joto la tanuri. Feni imezimwa kwa ajili ya sauti, mablanketi yametundikwa, watoto wamekatazwa kukohoa. Tukaanza, tukakatizwa na adhana, tukanyamaza kwa heshima mpaka muadhini akamaliza, tukaanza tena. Mama alikuwa ameanza kulegea. Karatasi ameiweka chini, anaeleza kwa maneno yake jinsi ya kuchagua embe isiyoanza utamu, na sauti yake ilikuwa nzuri, ya karibu, kila neno limesimama. Shemeji alikuwa akitabasamu peke yake, visikizi masikioni. Hakuna aliyesikia chochote kutoka nje. Kwa hilo magodoro yalifaulu.

Mbuzi hupenda chumvi. Mfugaji yeyote atakwambia. Na uani kwetu kulikuwa na majamvi manne ya embe zilizotiwa chumvi, hayana mlinzi, na mlango wa nyuma ulikuwa umeegeshwa tu kwa sababu Bibi ndiye alikuwa ametokea huko.

Mama alipofungua mlango kutafuta maji ya kunywa, alikuta mbuzi wa mtaa wamesimama katikati ya jamvi la nne, wakitafuna kwa utulivu, midomo yote ya manjano. Maiki ilikuwa bado imebanwa kwenye dera lake. Kilio chake kilirekodiwa safi kuliko kitu chochote tulichowahi kurekodi: "Mbuzi! Jamani mbuzi! Wamekula ada ya shule!" Kisha hatua za mbio, fimbo ikitafutwa, ndoo ikianguka, Bibi akiuliza kutoka kwa jirani kuna nini.

Jioni, tulipokwisha kufagia, shemeji alisema kwa sauti ya chini kwamba kipande kile akikirusha kitatembea nchi nzima. Alikuwa mkweli, kingetembea. Mama akakataa. "Mbuzi wana mwenyewe, na mwenyewe ni jirani. Siku nikifa yeye ndiye atakayeshika jembe. Nimrushe mtandaoni achekwe na watu wa Mbeya?" Ninaona alikuwa na haki kabisa. Kuna wanaoamini kwamba biashara ikipata macho mengi imepata kila kitu, na kwa ajili ya macho hayo wanawaanika majirani, watumishi, hata watoto wao wenyewe. Macho yaliyokuja kucheka huondoka yakicheka. Mama alipeleka malalamiko yake kwa jirani kwa miguu, wakanywa kahawa, jirani akalipia gunia moja la embe.

Video ya kuchagua embe iliokolewa. Shemeji akaikata, na kwa kuwa aliona bado imepoa, akatia taarabu chini yake. Hapa Tanga taarabu si pambo. Ni mji wa vikundi vya Black Star na Lucky Star, mji alikoimba Bi Shakila, na Bibi alipousikia wimbo ule wa zamani nyuma ya maneno ya Mama alitikisa kichwa akasema sasa mmeanza kuwa na adabu. Kesho yake video ilikuwa bubu. Midomo ya Mama inacheza, mikono inaonyesha embe, hakuna kinachosikika. Mama alidhani maiki imeibwa.

Kumbe mitandao mikubwa ya video ina mashine inayolinganisha kila sauti inayopandishwa na hazina ya nyimbo zilizoandikishwa na wenyewe, na ikikuta zinafanana huweza kuinyamazisha video, kuizuia au kumpelekea mwenye wimbo mapato yake. Shemeji alinuna. Lakini sisi tunaoishi kwa kazi ya mikono hatuna sababu ya kununa: wimbo nao ni kazi ya mtu, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mwanamuziki wa Tanzania. Anayetaka muziki bila matata atumie ule uliotolewa bure na mitandao yenyewe, au aombe ruhusa. Kwa achari, sauti ya mbegu za haradali zikipasuka katika mafuta ya moto inatosha, na hiyo haina mwenyewe ila mpishi.

Yaliyoikuza biashara yetu kweli hayakuanzia kwenye taa wala stendi. Yalianzia kwa mteja mmoja wa Dar aliyelalamika kwamba achari yake imeota ukungu. Aliandika maneno mengi yenye hasira. Mama alikuwa anakoroga, mikono yote ni manjano na mafuta, akaniambia nimshikie simu mdomoni. Akamjibu kwa sauti:

"Mwanangu, pole sana. Hiyo iliyoota ukungu itupe yote, usikwangue juu ukala chini. Sasa sikiliza. Kijiko chako kilikuwa na maji. Achari na maji ni maadui. Chota kwa kijiko kikavu, na kila ukishachota, lainisha juu mpaka mafuta yafunike embe zote. Ikipungua mafuta, chemsha mengine, yapoe kabisa, ndipo uongeze. Nitakutumia chupa nyingine, hii sikudai."

Mteja yule aliupeleka ujumbe kwenye kikundi chake cha kina mama cha kuweka na kukopa. Kutoka hapo wakaanza kuja wengine, na kila mmoja ana swali. Nifanyeje pilipili isizidi? Mbona yangu ya nyumbani inakuwa chachu mno? Inaliwa na mihogo? Mama akawa anajibu, kila swali na jibu lake, chini ya dakika moja, na shemeji akawa anayahifadhi kwa majina ili swali likirudi jibu lake liwe tayari.

Nimefikiri sana kwa nini hili lilifanya kazi. Dakika moja ya sauti hula bando kidogo mno ukilinganisha na dakika ya video, na mama anayekuna nazi husikiliza bila kuacha mbuzi yake. Lakini Bibi alilieleza vizuri zaidi. Alikumbusha enzi za Redio Tanzania, michezo ya Pwagu na Pwaguzi na ya Mzee Jangala, watu wamejaa barazani kuzunguka redio moja ya betri. "Sura zao hatukuziona," alisema, "lakini tuliwajua. Wangekuja hapa tungewapikia." Tangu hapo akajipa cheo. Kila Mama alipoanza kuzungumza kwa kunyoosha maneno, Bibi aligonga fimbo chini: "Usimsomee mtu. Mwambie."

Tulihamia kwenye WhatsApp ya biashara, ile iliyotoka mwaka 2018, ambayo huweka bei na picha za bidhaa mahali pamoja na kuruhusu majibu ya haraka yaliyoandaliwa. Stetasi hudumu saa 24 ikatoweka, kwa hiyo jibu la maana haliachwi huko peke yake. Tukatumia orodha ya matangazo, inayobeba hadi watu 256 kwa orodha moja, na ambayo ujumbe wake humfikia tu yule aliyehifadhi namba yako. Ndiyo maana kila chupa inayotoka kwetu ina karatasi yenye namba na ombi: "Tuhifadhi kwenye simu, Mama akujibu." Ni ombi dogo, na lina thamani kuliko mabango.

Basi ikaja siku ya Mjomba.

Shemeji alikuwa amemfundisha Mama kurekodi mwenyewe: bonyeza, shikilia, telezesha kidole juu ili kufuli ijifunge na mikono ibaki huru. Mama alitelezesha, akamjibu mteja, akadhani amemaliza, akaiweka simu kwenye ubao wa jikoni. Simu ikaendelea kusikiliza. Ikasikia sufuria, ikasikia Bibi akiingia, ikasikia mazungumzo marefu kuhusu Mjomba, mdogo wake Mama, aliyechukua chupa za achari kwa mkopo kwa ajili ya harusi ya bintiye na ambaye tangu bibi harusi apelekwe kwa mumewe hajaonekana mtaani. Bibi alisema maneno ambayo mama mzazi anaruhusiwa kuyasema kuhusu mwanawe. Mama akaongeza hesabu. Kisha Mama akaiona taa ya simu inawaka, akabonyeza mshale wa kutuma.

Haukwenda kwa mteja mmoja. Ulikwenda kwa orodha nzima.

Shemeji alipoitwa alikuja mbio, akaushika ule ujumbe, akaufuta. Lakini kwa haraka alibonyeza kufuta upande wetu tu, badala ya kuufuta kwa wote. Kwa hiyo ukatoweka kwenye simu ya Mama, mahali pekee ambapo haukuwa na madhara, ukabaki kwa wateja wote kuanzia Chumbageni hadi Mbagala. Programu humpa mtu sekunde chache za kutengua kosa hilo. Shemeji alizitumia kumshukuru Mungu kwamba amewahi.

Mjomba alifika baada ya Isha, kavaa kanzu na koti, ishara ya kwamba hakuja kutembea. Alikuwa amepigiwa simu na mkwewe. Mume wangu akatandika mkeka, kahawa ikaletwa na kashata, Bibi akakaa katikati ya wanawe wawili.

"Dada," Mjomba akaanza, "kudaiwa si aibu. Kudaiwa hewani ndiyo aibu."

Mama hakujitetea kwa simu wala kwa shemeji. Aliinamisha kichwa akaomba radhi, akasema maneno yalikuwa ya jikoni na yalipaswa kufia jikoni. Bibi akasema, "Huyu nimemzaa mimi na huyu nimemzaa mimi, na wote wawili wamenisikitisha. Wewe lipa. Wewe mrudishie heshima yake palepale ulipoitoa." Mjomba akatoa bahasha. Mama akaomba simu, mbele ya kikao kizima akarekodi: "Wateja wangu, ndugu yangu amenilipa chupa zake zote na zaidi, na achari ile ya harusi wageni waliisifu. Yaliyosemwa yalikuwa ya jikoni, nisameheni, naye amenisamehe." Safari hii shemeji aliikagua orodha kwanza kabla ya kidole kushuka.

Tangu usiku huo simu ya biashara haiingii jikoni bila mtu kutamka, "Ninarekodi!" Watoto wanaipenda sheria hiyo kuliko zote. Mimi naiona ni sheria ya lazima kwa kila nyumba inayofanyia biashara ndani. Pale ambapo jiko ndilo duka na sebule ndiyo studio, wasiosema kitu wana haki ya kujua ni wakati gani wanasikika.

Hasara iliyofuata haikuwa ya maneno. Mzigo wa wifi uliondoka Kange asubuhi yenye jua kali, chupa zimelazwa ubavu ndani ya boksi. Kwenye buti la basi joto ni kubwa, mafuta hutanuka, na mfuniko wa plastiki haujui kuvumilia. Wifi alipokwenda kupokea stendi ya Mbezi alikuta boksi limelowa na jirani yake kwenye buti, mfuko wa gauni la mtu, una ramani ya manjano. Gauni tukalilipa. Manjano hayana msamaha kwenye kitambaa cheupe.

Mama aliishika chupa siku ile akaichunguza. Akagundua tunajaza mpaka mdomoni. Akaacha nafasi ya kidole juu. Akagundua pia kwamba tunafunga achari ikiwa na uvuguvugu, mvuke unageuka maji chini ya mfuniko, na maji ndiyo yaleyale ya ukungu. Akaamuru ipoe kabisa. Mume wangu akaongeza foili ya kuziba mdomo kabla ya mfuniko, na maboksi yenye vyumba ili kila chupa isimame wima.

Kisha Mama mwenyewe akamwita shemeji. "Lete simu yako." Akatandika khanga nyeupe mezani, karibu na dirisha lenye mwanga wa asubuhi, akaigeuza chupa juu chini juu ya khanga ile. "Rekodi. Halafu kesho saa kama hii rekodi tena." Kesho yake akaiinua chupa, akaionyesha khanga pande zote mbili, haina hata tone, akasema, "Itafika Dar hivi." Nusu dakika haikutimia. Hakuna muziki, hakuna dera jipya, vidole vyake vimeiva manjano.

Video hiyo ndiyo iliyouza. Na ninaamini najua sababu: mtu wa mbali hakuwa na shaka na ladha, ladha aliishasikia sifa zake, alihofia mzigo kumwagikia nguo zake. Maswali ya watu Mama aliyajibu kwa sauti, hofu yao akaiondoa kwa picha. Sauti haiwezi kuonyesha khanga kavu. Picha nayo, bila maneno, haiwezi kumfariji mwenye achari yenye ukungu. Wanaouliza kipi bora kati ya sauti na video waanze kwa kuwauliza wateja wao wanaogopa nini.

Oda zikamiminika, na shemeji akazikubali zote. Hilo lilileta ugomvi mkubwa kuliko wa mbuzi. Achari haikubali kuharakishwa. Embe za Muheza zilikuwa zinaishia, na vipande vinavyohitaji jua haviwezi kukaushwa kwa taa ya duara. Mume wangu alisafiri usiku kutafuta embe, watoto walilala kati ya maboksi, na mtu mmoja akapendekeza, simtaji, kwamba siki ikizidi kidogo chupa zitaongezeka. Mama aliweka kisu chini. Akaomba simu, akawaambia wateja wote kwamba za msimu huu zimekwisha kuandikiwa wenyewe, aliyelipa atapata, ambaye hajalipa asilipe, ajiandikishe kwa ajili ya achari ya ndimu. Tukafungua daftari la kaunta, kila jina na tarehe, na malipo yakawa kwa Lipa Namba kabla ya chupa kufungwa. Wachache walikasirika. Wengi walijiandikisha.

Sasa kuna duka la Dar linalotaka achari ya Mama rafuni, lakini linataka kwanza alama ya ubora ya TBS, shirika ambalo tangu mwaka 2019 ndilo linalosimamia usalama wa chakula. Mjasiriamali mdogo huanzia SIDO, shirika la viwanda vidogo, kuchukua barua ya utambulisho, na sisi barua tunayo. Kilichobaki ni chumba: achari ya dukani haiwezi kupikwa pale tunapokaangia samaki wa chakula cha mchana. Kikao cha nyumba kilikaa, na chumba chenye dirisha zuri na sakafu ya vigae kilionekana ni cha shemeji. Amehamia sebuleni na taa yake.

Wiki hii ameandika mama mmoja wa Muscat, mzaliwa wa Pangani, anataka chupa za kubebewa na mwanawe atakayerudi Oman kutoka likizo. Shemeji aliandaa jibu refu lenye pongezi na karibu nyingi. Mama akatamka, "Ninarekodi," sote tukanyamaza, akasema:

"Waalaikumu salaam, mwanangu. Ndimu zipo, embe ngoja Novemba. Chupa ni elfu saba. Mwambie mwanao aiweke kwenye begi la kupakiwa, asiibebe mkononi, mafuta hayaruhusiwi juu. Na Ijumaa hatutumi mzigo, asije akangoja stendi bure."